Safari ya Ruse Kumfuata Reginaldi

Clintonville, Columbus, Ohio
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Mpendwa kaka Kefa,

Natumaini barua hii itakukuta goti limetulia na baridi ya Cheektowaga haijaanza kukutafuta mifupani. Wifi Esperance aliniambia unapanda ngazi za kanisa bila fimbo, nikafurahi. Ange naye nasikia kazi ya ghala ameizoea. Mwambie shangazi yake atakuja Krismasi, hata kwa hiyo theluji yenu. Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Nikikaa kitini kidogo tu nainuka kutafuta kitu ambacho sijakipoteza.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Nikitaja jina la Tsvetana, mke wa marehemu ndugu yetu, mtandao wa huko kwenu Buffalo unaharibika ghafla. Barua haikatiki. Isome yote.

Ulinituma Ruse nikalete jibu moja: kama Tsvetana atakubali tumtoe Reginaldi kwenye kaburi lake la Bulgaria tukamzike kwetu Nyamira, Kenya, ili siku ya Mama ikifika amkute mwanawe yuko nyumbani. Jibu nimelileta. Lina sharti.

Nilishuka Bucharest, Romania, nikapanda basi dogo hadi Mto Danubi. Ruse iko ng'ambo, upande wa Bulgaria. Daraja ni refu, la chuma, linakarabatiwa, na malori yamebanana kama ng'ombe siku ya mnada. Nilishika pasipoti mkononi tangu mwanzo wa daraja. Tukavuka, tukaingia mjini, tukapita soko, bado nimeishika. Hakuna aliyeiomba, nchi hizo mbili zimeacha kukaguana. Kazi yangu imenivusha mipaka mingi, na askari wengi wamenipekua, lakini huo ukimya ndio ulionitia wasiwasi. Nikaanza safari vibaya.

Alikokuwa akiishi Reginaldi ni majengo ya ghorofa ya zamani. Kwenye mlango wa chini wa jengo lake nikaona sura yake. Karatasi nyeupe, picha yake ya nyeusi na nyeupe, maandishi nisiyoweza kuyasoma. Nikageuka: yuko kwenye nguzo ya taa. Yuko kwenye kituo cha basi. Kaka, kwetu sura ya mtu ikibandikwa kwenye nguzo, ama anawania kiti ama anatafutwa na polisi. Ndugu yetu ana miaka mitatu kaburini. Nikaibandua ile ya mlangoni, ikachanika.

Mlango ukafunguka. Mwanamke mfupi, mwenye mvi, kabeba mfuko wa takataka. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Wewe Claris," akasema. "Sura ya Reginaldi kabisa. Na mkono haraka kama yeye. Kwa nini chana mume yangu?"

Sikujua kwamba anasema Kiswahili. Alikiokota jikoni kwa Reginaldi, mwaka baada ya mwaka, na amekichukua pamoja na tabia zake zote, hata kule kucheka kwa pua.

"Wifi, nilidhani kuna watu wanamtukana."

"Tukana? Hii mimi nalipa! Hii ya kukumbuka. Mwaka moja, bandika. Mwaka tatu, bandika. Watu pita, watu soma, watu sema, a-a, Reginaldi, ile fundi ya winchi. Wewe mwandishi wa habari siku mingi?"

"Siku nyingi."

"Na hapana uliza kwanza?"

Wahariri wangu wote hawajawahi kunikaripia vizuri namna hiyo. Akaniletea rundo la karatasi na utepe wa gundi, tukatoka. Tulibandika kwenye lango la bandari alikofanya kazi, dukani alikonunua mkate, na mlangoni pa kinyozi. Mwanamume mwenye mbwa alivua kofia, akasoma mpaka mwisho, akampa Tsvetana mkono. Muuza mboga alinishika mkono wa sweta, akaonyesha picha, akaonyesha uso wangu, akanijazia nyanya kwenye mfuko bila kutaka chochote. Ulisema Reginaldi analala kati ya watu wasiomjua. Nilikwenda, nikaona, na neno hilo nakuomba usilirudie.

Kesho yake tulikwenda makaburini. Tsvetana alibeba ngano ya kuchemsha yenye sukari, akawagawia waliokuja kwenye makaburi ya jirani, nao wakatugawia yao. Kisha akamwaga mvinyo juu ya udongo wa Reginaldi. Wewe ni mzee wa kanisa na ungekuja kusikia kwingine, ndiyo maana nakuambia. Ngano nilikula. Mvinyo niliupisha.

Hapo ndipo nilipomwuliza, kwa maneno yako yale yale. Alikuwa amepiga magoti anang'oa majani, hakuacha.

"Akiwa mzima hakuna mtu yenu alikuja," akasema. "Akiwa mgonjwa, hakuna. Sasa mnakuja chukua mfupa."

"Ndiyo, wifi."

"Mama bado hai?"

"Yuko hai. Ndiye anayemtaka."

Aling'oa majani mengine, akayaweka pembeni.

"Basi chukua. Mama ni mama. Lakini mimi bibi ya Reginaldi. Siku yangu ikifika, mimi pia mtachukua. Weka mimi upande wa kushoto, kulia yeye anakoroma."

Nikacheka, naye akacheka, kisha akaacha ghafla.

"Wewe usijibu," akasema. "Uliza Kefa. Yeye ndiye alisema mimi nisikanyage Nyamira."

Hilo sikulijua, kaka. Sikuulizi kwa nini. Najua Baba alikuwa hai wakati huo, na najua Baba alivyokuwa. Lakini aliyetumwa na Baba ni wewe, na sauti anayoikumbuka ni yako.

Tangu nirudi Columbus sijatulia. Nilianza barua hii mara kadhaa, nikaiacha, nikaenda kuosha vyombo visafi. Ijumaa nikawasha gari nikashuka Louisville. Nilimkuta Mama kwenye maegesho pale kwa mdogo wetu Nyaboke, Shively, anazunguka magari na sweta juu ya kitenge. Nyaboke anasema hakai kitako tangu niondoke kwenda Ruse. Majirani wanadhani anatafuta gari lake.

Nikatembea naye, nikamweleza yote, hata mvinyo. Hakushtuka.

"Huyo mwanamke anapika nini?"

"Supu ya maharagwe, Mama. Nzuri."

"Ana watoto?"

"Hawakujaliwa."

"Anakaa na nani?"

"Peke yake."

Mama akasimama katikati ya maegesho. Gari likapiga honi nyuma yetu, akalipungia mkono lisubiri.

"Nyinyi watoto wangu akili mmezipeleka wapi?" akasema. "Mnapimana makaburi na mtu yuko hai! Mwiteni nimwone. Aniambie mwanangu alikuwa anakula nini, alikuwa anacheka nini. Mfupa utangoja."

"Na hilo la kuzikwa Nyamira, Mama?"

"Mke wa mwanangu atazikwa wapi kwingine? Mwulize Kefa kama Esperance alizaliwa Nyamira."

Nilitoa simu nimpigie Tsvetana pale pale. Mama akanishika mkono. Akasema si kazi yangu. Aliyefunga lango ndiye alifungue.

Kwa hiyo namba ya Tsvetana nimeiandika nyuma ya bahasha. Piga asubuhi ya kwako, kwake itakuwa alasiri na atakuwa nyumbani. Taja jina lako, kisha nyamaza. Atakutukana kidogo. Usimkatishe, na usimweleze habari za Baba. Akimaliza, mwambie Mama anamwita na kwamba wewe ndiye unayemkaribisha. Habari za viza niachie mimi. Habari za Reginaldi tutazizungumza yeye akiwepo, maana ni mume wake.

Msalimie sana wifi Esperance, na Ange, na wote wa kanisani wanaoniulizia. Nyaboke anakusalimu. Mama anakusalimu pia, lakini alisema salamu zake nizishikilie mpaka upige simu.

Mungu akutunzie goti, na akupe ulimi mpole asubuhi hiyo.

Dada yako akupendaye,
Claris