Salamu Yenye Ornella Alifuta

Ornella,

Maharagi iko ku moto. Ongeza maji, na hapana sahau chumvi. Miye niko naenda Vuhovi ku shamba, nitarudia mangaribi.

Asubui nilikukasirikia juu ulifuta salamu yote mu barua ya kuomba université. Ulisema: « Mama, banataka maneno mia tatu tu, na salamu inakula nusu! » Lakini koko yako, mama yangu, akikuta mutu ku njia, alikuwa anauliza kwanza batoto, shamba, mupaka mbuzi. Miye nilikuwa nalala ku mugongo yake mbele ya kumaliza kusalimia.

~~Rudisha salamu yote.~~ Bon, bacha vile. Barua ni yako.

Lakini mangaribi nikiingia, ile yote ulifuta, unisalimie nayo. Tangu koko alikufa, hakuna mutu ananiulizaka habari ya mbuzi.

Mama yako