Anayeanza Ndiye Mwenye Kikapu

Utemini, Singida
14 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu baridi ianze? Ile dawa ya kuchua niliyompa Mjomba Zefania akuletee imefika, au ameisahau kwenye gari kama alivyoisahau sukari ya Pasaka? Nataka pia kusikia kama mmemaliza kupiga alizeti, na kama yule mbuzi mweusi ameacha kula nguo kwenye kamba. Mimi mwili wangu ni mzima, nakula, nalala, na wateja wapo. Moyo ndio sina uhakika nao. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu neno likikuchoma unasema mtandao unakata.

Nakuomba usimpe mjukuu wako Eliza akusomee barua hii. Mtoto yule akijua jambo asubuhi, Misigiri nzima inalijua kabla ya chai. Vaa miwani, kaa mlangoni penye mwanga, usome mwenyewe polepole.

Majuzi alikuja kibandani kwangu Mwalimu Mughwai, anayefundisha sanaa kwenye sekondari moja huku Mwankoko. Alisema anatafuta wasanii wa kazi mbalimbali wakae na wanafunzi wake, wawaeleze jinsi kazi inavyozaliwa, mtu anaanzia wapi na anafanya nini akikwama. Mimi nilikuwa wa kuchora. Wa muziki alikuwa Noel, mpiga zeze. Wa tatu alimtaja kwa majivuno kama mtu aliyepata askofu kwenye sherehe ya mwanawe: Anastazia, msukaji wa vikapu.

Mama, brashi ilinidondoka. Sababu unaijua, lakini niache niiseme tena, maana hasira yangu haipendi kuanzia katikati. Anastazia tulilala naye mkeka mmoja. Mama yake alipofariki ulimchukua, ukamlisha, ukamfundisha kushona nyasi mshono kwa mshono, ukampa mpaka lile pambo lako la rangi nyeusi na kahawia unaloliita nyayo za ng'ombe. Akaja mjini, akaingia kwenye maonyesho, akasifiwa. Halafu siku ile tukiwa uani tunapiga alizeti tukamsikia redioni. Mtangazaji alimuuliza nani alimfundisha, naye akajibu hakuna, ni kipaji tu cha Mungu. Ulifuta mikono, ukaizima redio, ukarudi kwenye alizeti. Mimi ndiye niliyesema, na nilisema mengi. Siku ileile nikakutaka uahidi kwamba msichana yule hatakanyaga tena uwanja wetu. Ukatikisa kichwa kukubali. Kikumbuke hicho kichwa ulichotikisa, nitakirudia mbele.

Basi nikamwambia Mwalimu Mughwai kwamba nitakuja, tena nikampa ushauri wa bure. Nilimwambia wanafunzi wamechoka maneno, na ingekuwa vizuri kila msanii aanze kazi mbele yao bila kuja na kitu kilichokwisha kuanzwa. Alifurahi mpaka akanishika mkono mara ya pili. Maskini, hakujua mtego wenyewe ulikuwa wa nani.

Wewe unaujua. Ulitupa kila kitu, Mama, isipokuwa kitovu. Kila kikapu ulikianza wewe. Uliingia chumba cha ndani na nyasi zako, ukafunga mlango, ukatoka na kitovu, kile kiduara kidogo cha katikati, kipana kama kisahani, ukampa kila mmoja chake aendelee kukizungushia. Ulisema Bibi naye alifanya hivyo, na kwamba anayeanza ndiye mwenye kikapu, wengine wote ni wasaidizi. Ulisema tutafundishwa tukishakuwa na subira. Mimi nikakimbilia rangi kabla subira haijafika, na Anastazia akakimbilia sifa. Kwa hiyo nilijua kwa hakika kwamba hajui kuanza.

Nyasi nilizitafuta mwenyewe. Nikaziloweka mwenyewe, nikazifunga kwenye gunia bichi zisikauke, na nakuambia kweli, sijawahi kuloweka kitu kwa furaha kiasi kile. Nilitaka jambo moja tu. Nilitaka ashindwe mbele za watu, abanwe, mpaka jina lako litoke kinywani mwake kwa sauti: Evodia wa Misigiri.

Siku ikafika. Bwalo la shule lilijaa, wengine walisimama madirishani. Nilianza mimi. Niliwachorea ng'ombe, nikawaeleza kwamba ng'ombe wa bango la bucha naanza na jicho, na jicho lenyewe nalitazamisha pembeni, kwa sababu mteja akitazamwa na ng'ombe hanunui nyama. Walicheka, na mmoja akauliza kama nimewahi kukosea nikaacha hivyohivyo. Nikasema ipo saluni moja hapa Utemini ina mwanamke mwenye sikio moja, na mwenye saluni anadhani ni mtindo.

Noel akafuata. Alisema wimbo kwake unaanza kidole kinapoteleza. Anapiga anachokijua, kidole kinakosea, na badala ya kurudi nyuma anakifuata kosa aone linampeleka wapi. Akawaonyesha palepale. Mzee yule anajua kazi yake.

Kisha akasimama Anastazia. Alinisalimia akaniuliza za siku nyingi, nami nikamjibu nzuri, kwa meno. Niseme haki, alizungumza vizuri. Aliwaambia akikwama anakifunika kikapu mezani, anakaa nacho siku kadhaa bila kukigusa. Akiona pambo limekosewa anafumua hata kama amebakiza kidogo kufika ukingoni, kwa sababu kikapu kilichofichwa kosa hulala upande. Watoto wakaandika. Yalinichoma, Mama, maana maneno yale ni yako, uliyasema uani kwetu ukiwa na sindano mdomoni, na sasa yanatoka kwenye kipaza sauti hayana mwenyewe. Binti mmoja anaitwa Lucy akamuuliza alifundishwa na nani. Anastazia akatazama sakafu, akasema alijifunza nyumbani. Nyumbani! Nyumba ina mikono?

Nikainuka na gunia langu. Nikaliweka miguuni pake, nikawaeleza wanafunzi kwamba sasa mgeni wetu atatuanzia kikapu, tuone kinavyozaliwa. Alinitazama, akaelewa. Akachukua nyasi, akazikunja, akazungusha uzi, zikaachia. Akarudia, zikaachia tena. Minong'ono ikaanza, na nyuma kule mtu akacheka. Sitakuficha, Mama, nilisikia utamu kooni kama wa asali mbichi. Miaka yote ile ya kukuona ukiizima redio kila wanapotaja vikapu, nilihisi inalipwa. Nikashika kipaza sauti, nikamuuliza kama yeye hawezi kuanza, basi ni nani anayemwanzia.

Akaweka nyasi chini. Akafungua mkoba wake, akatoa kifurushi, akakifungua mezani. Ndani mlikuwa na vitovu, vimepangwa vizuri, vinasubiri kuendelezwa. Lakini mimi sikuvitazama vitovu kwanza. Nilitazama kitambaa kilichovifunga. Ni kile kitenge cha maua ya alizeti nilichokununulia Krismasi, ulichoniambia unakitunza kwa ajili ya kanisani. Umekichana, Mama. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe niliinunua.

Anastazia alisema bila kipaza sauti, lakini waliokaa mbele walisikia. Alisema: "Mama yako ndiye ananianzia, Dorika. Nilirudi nikampigia magoti, akanisamehe. Nilitaka kumtaja kila mahali, yeye akaniapisha nisimtaje, kwa ajili ya mdomo wako."

Nilikaa chini. Jina nililokuwa nalitafuta kwa gunia na nyasi, kumbe lilifungiwa ndani kwa kuniogopa mimi.

Ningependa kukuambia mambo yaliishia hapo. Yule Lucy akanyoosha mkono tena. Aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama mimi mtoto wa mwenyewe ningeweza kuwaanzia. Bwalo likapiga makofi. Nikazichukua zile nyasi nilizoziloweka kwa mikono yangu, nikazikunja kama nilivyodhani unazikunja, na zikaniachia kama zilivyomwachia yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Noel akatuokoa kwa kupiga zeze, Mwalimu Mughwai akawashukuru wageni haraka haraka, tukapewa soda. Mimi na Anastazia tulizinywa meza moja bila kutazamana.

Usidhani nimetubu. Simhurumii hata kidogo. Siku ile ya redio kiapo chako kilikuwa bado, alikukana kwa hiari yake, na kupiga magoti uani hakufuti maneno yaliyosikika mkoa mzima. Nawe pia nimekukasirikia, Mama, kwa heshima zote. Ulinitikisia kichwa mbele, nyuma ukafungua mlango. Mimi uliyenizaa ulinifungia chumba cha ndani, na yeye unampelekea vitovu kwa gari.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kesho yake nilikwenda stendi, nikamtafuta Edward, yule kondakta anayeleta mizigo kutoka Misigiri. Nilimwambia Anastazia amenituma nichukue kifurushi chake. Hakuniuliza kitu, kwa sababu anajua mimi ni mtoto wako. Kifurushi ulichotuma Jumatatu kiko chini ya kitanda changu. Anastazia akikupigia kulalamika kwamba hajakiona, usimgombeze Edward. Ni mimi. Vile vitovu vya bwaloni ni vya oda za wateja, na vikapu anavyoandaa vya maonyesho hana pa kuanzia hata kimoja. Najua, kwa sababu amenipigia na mimi pia, nikaiacha simu ilie mpaka ikachoka, akaniandikia ujumbe.

Na kitovu kimoja nimekifumua. Nilitaka kuona unafanyaje humo ndani. Nilikwenda taratibu, mshono kwa mshono, kila jani nikalilaza mezani kwa mpangilio wake, nikaamini nitajua kurudisha. Nilipofika katikati nikaona kitu ambacho hukuniambia. Mishono ya mwanzo imelegea, Mama. Inakwenda huku na huku. Mkono ninaoujua mimi haukuwa ukishona hivyo. Unatetemeka tangu lini? Nilijaribu kukirudisha kitovu kile mpaka vidole vikachanika, nikashindwa. Sasa nyasi zako zimelala mezani kwangu, na sijui mtu mwingine anayeweza kuzifanya kitu. Hilo limeniogopesha kuliko aibu ya bwaloni.

Kwa hiyo nimeamua, na usinipinge. Jumamosi nakuja. Mlango wa chumba cha ndani utakuwa wazi, nami nitakaa mbele ya mikono yako, nikuone tangu jani la kwanza. Subira sina, utanifundisha hivyohivyo bila subira. Kitovu changu kikisimama, nitarudi mjini na kumpelekea Anastazia kifurushi chake kwa mkono wangu, na juu yake nitaweka kimoja nilichokianza mimi. Atakizungushia, atakimaliza, atakipeleka kwenye maonyesho, na kwa sheria yako mwenyewe kitakuwa changu. Vingine vyote ni vyako, na jina lako litasomwa juu yake. Mfungulie kile kiapo. Mdomo wangu uliouogopa ndio unaokuomba hivyo.

Mpaka siku hiyo asubiri. Akikupigia mwambie goti linakusumbua. Nikichukua wiki kujifunza, atasubiri wiki, na nikichukua mwezi maonyesho yatampita. Wala asidhani anaweza kuja yeye akaketi mahali pangu. Nitajua kuanza kabla yake, Mama, na hicho ndicho kisasi changu.

Nisalimie Mjomba Zefania, mwambie sukari ya Pasaka bado namdai. Eliza mwambie daftari zake nimenunua, nitakuja nazo, mradi hajaisoma barua hii. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Barua hii nampa Edward huyohuyo. Kipande cha kitenge kilichobaki usikichane tena.

Ijumaa jioni loweka nyasi.

Ni mimi mwanao,
Dorika