Kompyuta Haingojwi Tena

Kitengela,
9 Machi 2003

Kwa Shangazi Selpha,

Sisi hatujambo, ila vumbi limezidi.

Memori ya kompyuta uliyotuma tumeiweka. Zamani Baba akiwasha kompyuta, tulingoja ifunguke mpaka chai iishe, naye akiniuliza habari zangu. Unajua mimi huongea kwa shida. Hapo tu ndipo nilipoweza.

Jumapili iliyopita nilijikaza nimwambie sitaki kusomea ualimu.

"Baba," nikaanza.

Kompyuta ikafunguka. "Eh! Imekimbia kama swara! Dada yangu ni mtu!" Akaanza kuchapa ripoti ya kanisa.

Jana amewajibu watu wa chuo cha ualimu kwamba nitajiunga.

Ni kweli, Shangazi, memori huongeza kasi. Nashukuru. Laiti ungechelewa kuituma wiki moja tu.

Mtoto wa ndugu yako,
Sheryl