Hatua Saba Kutoka Dawati la Mikopo

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: king'ora cha benki kupigwa bila wizi kutokea
Jina: Liko kwenye kitambulisho alichokishika koplo. Sokoni naitwa Mama Punguza.
Umri: Miaka 52
Kazi: Kuuza nguo za mitumba, mwaka wa kumi na tisa sasa
Makazi: Nyuma ya soko, mlango wa bluu

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, baada ya kuomba maji ya kunywa na kupewa.

Leo Alhamisi, saa 3:10 asubuhi, niliingia benki pamoja na wifi yangu, mjane wa kaka yangu, ambaye ni fundi cherehani. Kaka aliweka nyumba yao rehani, akafariki kabla ya kumaliza mkopo. Benki inadai milioni tisa na laki nne, riba na faini zikiwemo. Wifi ana milioni sita, na amezifikisha kwa kuuza cherehani mbili kati ya tatu alizokuwa nazo. Barua ya benki inasema Jumatatu nyumba inapigwa mnada.

Wifi hajui kupatana. Huyu akitajiwa bei ya nyanya anasema asante. Ndiyo maana alinipa barua ya uwakilishi yenye muhuri wa wakili, niseme kwa niaba yake. Nilimkataza kabisa asifungue mdomo.

Afisa mikopo ni bwana wa makamo, mwenye tai. Alisoma barua, akasema, "Karibuni, mama zangu." Nikamwambia milioni tatu. Akasema, "Mama, hapa si sokoni." Nikamwambia kama kuna bei, basi sokoni ni hapahapa.

Kazi yetu ina utaratibu wake. Kwanza unaiponda mali. Nikaiponda nyumba: bati linavuja, choo kina ufa, ukuta wa jikoni umepinda, nani atainunua huko mnadani? Yule bwana akawa anaandika. Nilipogeuka nikaona wifi analia. Ukuta ule kaka aliujenga kwa mikono yake, Jumapili baada ya Jumapili, na wifi ndiye aliyekuwa akimchanganyia saruji. Koplo, andika kwamba niliona aibu. Andika pia kwamba niliendelea.

Nikapanda hadi milioni nne na nusu. Yeye akashuka hadi nane, akagoma. Hapo utaratibu unasema ondoka. Unaondoka polepole, na kabla ya hatua ya saba mwenye mali anakuita, "Haya rudi, lete hiyo hela." Nikasimama nikasema, "Wifi, inuka twende zetu." Hakuinuka. Nikaenda peke yangu. Hatua ya saba, kimya. Ya kumi, kimya. Ya ishirini nikajikuta barabarani.

Saa 3:40 nikarudi ndani, nikasema nimesahau mwavuli. Sikuwa na mwavuli. Nikatoka tena, polepole zaidi. Mlinzi wa mlangoni akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikamjibu, "Usinichanganye, baba, nasubiri kuitwa."

Dawati la mikopo liko karibu na ukuta wa kioo. Nikasimama nje, nikamwonyesha wifi vidole vitano, yaani asikubali kuzidi tano mpaka nirudi. Kisha nikaangalia kushoto na kulia, natafuta kivuli, maana jua lilikuwa kali. Mlinzi anasema alidhani nawapa ishara wenzangu watano. Saa 3:52 akabonyeza king'ora. Milango ikajifunga yenyewe, na fundi wa kuifungua alichukua zaidi ya nusu saa kufika.

Mlinzi alinishika mkono. Sikubishana naye, nilikuwa natazama ndani. Afisa anasema, wifi ananyamaza. Afisa anaandika, anafuta, anaandika tena. Wifi anamtazama tu. Akalegeza tai. Kuondoka asingeweza, milango imefungwa, na huku king'ora kinalia.

Saa 4:27 milango ikafunguliwa mbele ya askari wenu. Wifi akatoka na karatasi yenye muhuri: alipe milioni sita kesho, faini zote zimefutwa, hati ya nyumba arudishiwe. Jamani! Nikamwuliza alimwambia nini yule bwana.

"Sikusema kitu, wifi. Si ulinikataza? Alianza na nane, ikawa saba, ikawa sita na nusu. Alipofika sita ndiyo nikasema asante."

Miaka yote hiyo sokoni sijawahi kufikiria kunyamaza. Nikamwambia angevumilia kidogo tungepata tano. Akanishika mkono ule mwingine, ambao mlinzi hakuushika, akasema, "Wifi, ukuta wa jikoni haujapinda." Hapo nililia, tena kwa sauti, na mlinzi akaniachia.

Simlalamikii mlinzi. Akitaka shati aje mezani kwangu, nitampa bei nzuri.

Niliyoyaona na kuyafanya ni hayo, bila chumvi. Nimesomewa, nimekubali, naweka sahihi.

(Sahihi ya shahidi)

Maandishi ya askari: Nimechukua maelezo haya leo kuanzia saa 6:15 mchana. Shahidi aliomba kurasa tatu zipunguzwe ziwe mbili. Nilikataa. Aliondoka mara mbili hadi mlangoni, polepole. Sikumwita. Alirudi akaketi, akanitazama bila kusema neno kwa dakika nne. Maelezo yana kurasa mbili.

(Koplo wa zamu)