Majani Niliyompelekea Yaya

Lubumbashi, Jumapili jioni, mwezi wa sita

Baridi kali tangu asubuhi, na upepo umejaza vumbi jekundu hadi kwenye vikombe. Nimerudi kutoka Kipushi saa kumi. Sijala. Si kwa sababu ya kufunga, safari hii.

Wanaonisoma hapa kwenye blogu yangu wanakumbuka nilivyojisifu mwezi uliopita. Siku tano za kusafisha mwili: asubuhi maji ya ndimu, mchana chai ya majani ya kuharisha niliyonunua sokoni, jioni mchuzi wa mboga za lenga-lenga bila bukari, yaani ugali. Niliandika kwamba nimekuwa mwepesi, ngozi inang'aa, nalala kama mtoto. Yote hayo yalikuwa kweli, na sitayakana leo.

Lakini sikuandika kwamba nilimpelekea yaya Georgette mfuko mzima wa majani yale.

Yaya ni dada yangu mkubwa, na ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Anakaa Kipushi na binti yake, Odette. Ana ugonjwa wa sukari na anameza vidonge kila asubuhi. Nilijua. Nilimwambia tu, "Yaya, hii itakutoa uchafu wote, hata sukari itashuka." Nilisema hivyo mimi, mwalimu wa biolojia, ninayechora figo ubaoni kila mwaka.

Na sukari ilishuka.

Alianza Jumanne. Aliendelea kumeza vidonge vyake kama kawaida, ila hakula chochote, na majani yakamkimbiza chooni mchana kutwa. Alhamisi asubuhi Odette alimkuta ameketi mbele ya jiko la mbabula, makaa hayajawashwa, jasho linamtiririka katika baridi hii. Alikuwa anamwita Odette kwa jina la mama yetu. Majirani walisaidia kumbeba hadi hospitali. Walimtoboa kidole, wakaona sukari imekaribia kwisha mwilini, wakamtundikia maji ya sukari kwenye mshipa.

Nilipofika hospitalini siku ile ile, fahamu zilikuwa zimemrudia. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alikuwa anauliza:

"Mama, nani alikuambia ufanye vile?"

Yaya alinitazama mara moja tu. Kisha akamgeukia daktari.

"Ni mi mwenyewe, docta. Niliona mu telefone."

Nami nikatazama sakafu.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko majani yenyewe. Kumpa majani ningeweza kuita ujinga. Kunyamaza hakukuwa ujinga. Odette alikuwa amesimama pale, amenishika mkono, ananishukuru kwa kuja haraka. Niliuacha mkono wangu ushukuriwe.

Wamemzuia hospitalini hadi leo, kwa sababu vidonge vile huendelea kushusha sukari muda mrefu, na pia alikuwa amepoteza maji mengi. Ijumaa nilifundisha. Jumamosi nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Leo asubuhi nilipika uji, nikapanda basi dogo la Kipushi, na njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Nilimkuta daktari akitoka chumbani kwa yaya. Nilimfuata kwenye korido.

"Docta, ile majani ni mi njo nilimupatia."

Alisimama. "Na ulijua kama dada yako iko na sukari?"

"Nilijua."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilianza kujitetea, nikamwambia kwamba mimi yalinisaidia, kwamba nilipona hata kichwa kilichokuwa kinaniuma kila jioni. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Uliacha bia?"

"Niliacha."

"Na soda, na bintu ya mafuta?"

"Pia."

"Basi ile njo ilikusaidia, mama. Majani ilikuharisha tu. Kusafisha, mafigo na maini binafanya kila siku, na hatubilipe. Weye mwili yako ilivumilia. Ya dada yako, na ile vidonge, na njaa, haikuweza."

Nilipogeuka, Odette alikuwa nyuma yangu na bakuli mkononi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alisikia ya kutosha.

"Mama mudogo," alisema, "siku tatu nilikuwa najiuliza kama ni chakula yangu njo ilimuharibu."

Siku tatu. Mtoto wa watu alikuwa anajihukumu kwa kosa langu, na mimi nafua nguo safi.

Niliomba msamaha. Alichukua uji, akaingia ndani, na kupitia mlango nilimwona akimlisha mama yake polepole, kijiko kwa kijiko. Yaya aliniita kwa mkono. Nilipoinama karibu naye akaninong'oneza, "Kwa nini umesema? Nilikuwa nimekufunika." Nikalia kama sijawahi kufundisha darasa.

Odette alinisindikiza hadi getini. Tulipofika akasema, "Wiki hii usikuye. Mi nitabakia naye." Sitakwenda. Ni haki yake.

Nimerudi hapa na kuandika onyo juu ya lile andiko langu la mwezi uliopita. Sikulifuta. Kulifuta kungekuwa kutazama sakafu mara ya pili. Atakayeacha bia na kula mboga, aendelee, ni vizuri. Anayemeza dawa yoyote, mwenye mimba, mwenye sukari, asifunge wala asiharishwe kwa sababu mimi niling'aa ngozi. Amuulize daktari wake kwanza.

Na bado kuna jambo. Majani yale niliwagawia pia walimu wenzangu wanne, na mmoja wao anameza dawa ya presha. Kesho kabla ya kengele ya kwanza nitasimama mbele yao katika chumba cha walimu, niseme yote, pamoja na sehemu ya kunyamaza.

Naogopa. Nitakwenda hivyo hivyo na woga wangu.