Chausiku na Kifaranga cha Baba Somoe

Kitangari, Newala

Dada Getruda, shikamoo.

Goti lako linaendeleaje? Niambie ukweli, usiniandikie tu kwamba hujambo ili nisihangaike. Sisi huku tuna afya. Wifi yako Skola ndiye anayechoka, maana pale zahanati wakunga ni yeye na mwenzake mmoja tu, na watoto hawachagui saa ya kuzaliwa. Mimi nipo na cherehani zangu. Msimu wa korosho umeanza, watu wanaokota mashambani tangu alfajiri, na kijiji kizima kinanukia mabibo.

Dagaa wamefika. Kifurushi kilishushwa Masasi, kikalala stendi kwa wakala, kesho yake kikapanda hadi Newala. Bodaboda aliyekileta mpaka hapa alilalamika kwamba mbwa walimfukuza njia nzima. Tunashukuru sana, dada. Skola alipofungua mfuko alifumba macho akasema, "Nipo nyumbani." Lakini sitakudanganya, karibu nusu yake imeliwa na mtu usiyemjua, na ndiyo sababu nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu. Habari yake ni ndefu, na najua utapenda kuwasomea wote hapo jioni.

Anaitwa Chausiku. Ni paka, mweusi mwili mzima isipokuwa kifuani, ambako ana doa jeupe. Najua unacheka. Wewe ndiye uliyenilea, na nyumbani kwetu paka alikuwa mnyama wa kurushiwa kandambili. Hata huyu sikumtaka. Aliingia mwenyewe kwenye kibanda changu cha kushonea siku ya mvua, akapanda juu ya sare za shule nilizokwisha kupiga pasi, akalala. Nilimtoa. Akarudi. Nikamtoa tena, akarudi na panya aliyekufa, akamweka juu ya ndala yangu, akakaa pembeni ananitazama anione nitakavyofurahi.

Skola ndiye anayempa chakula, lakini mahaba yote ni kwangu. Nikikaa, ananigonga goti kwa kichwa, tena si kidogo, mpaka uzi unanitoka kwenye sindano. Nikijilaza, anapanda tumboni ananikandakanda kwa miguu ya mbele kama mama anayekanda unga wa maandazi, huku ananguruma kwa ndani. Kucha zinaniingia, ila nikimsogeza anaona nimemtukana. Akitaka dagaa, halii tu kama paka wengine. Ananishika suruali kwa ukucha mmoja, ananivuta, anatembea mbele, anageuka kuhakikisha namfuata, mpaka chini ya ule mfuko tuliouning'iniza. Maji yake yapo kwenye bakuli, lakini hayataki. Anataka yale yaliyomo kwenye kikombe changu, na anaingiza mkono kwanza kuyapima. Akililia mlango, nafungua. Hatoki. Anakaa kizingitini anaangalia nje kama mwenye nyumba anayekagua kiwanja chake, halafu anarudi ndani.

Kuna jambo lingine. Alikuwa ananikodolea macho, kisha anayafumba polepole na kuyafumbua. Nikadhani ana usingizi. Skola akasema, "Anakusalimia huyo. Na wewe mfumbie." Nikajaribu, na kweli akanijibu. Tukawa tunasalimiana hivyo kila siku, mpaka mama mmoja aliyeleta gauni la kupunguzwa akanikuta namfumbia paka macho. Aliacha gauni juu ya meza akaondoka bila kunipa vipimo.

Basi, miezi michache iliyopita Chausiku alizaa watoto watatu kwenye kapu langu la vipande vya vitambaa. Siku moja tulikuwa kanisani, siafu wakaingia. Sitaki kukueleza tulichokikuta tuliporudi. Mama mwenyewe alikuwa ametoka kuwinda. Aliporudi akazunguka nyumba nzima anaita kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, laini, ya kuuliza. Alianza kubeba soksi zangu. Moja moja, kwa mdomo, kama anavyobeba mtoto, anaziweka kapuni, anazilamba, anazilalia. Skola, ambaye kila siku anapokea watoto wa wenzake, alikaa kitandani akalia. Sikumwuliza. Wewe unajua miaka yetu.

Sasa nikujulishe kwa jirani yetu. Anaitwa Baba Somoe, mkulima wa korosho, mtu mzima, mswalihina, asiyependa mzaha. Huku juu maji ni shida, dada. Wewe unayeamka ziwa likiwa mlangoni huwezi kuelewa. Bomba linatoa maji linapojisikia. Wenye uwezo wamejenga visima vya saruji uani, vya kukusanya maji ya mvua kutoka kwenye bati, na hayo ndiyo yanayowafikisha mvua nyingine. Baba Somoe anacho, na tangu tuhamie hapa hajawahi kutunyima. Mkewe, Mama Somoe, ndiye aliyenifundisha kula ming'oko, mizizi fulani ya porini inayochemshwa, na kila akipika anatuletea sahani.

Kuku wao alitotoa. Vifaranga vikaanza kupungua, na Baba Somoe akatangaza kwamba mnyama atakayemkamata atamtia kwenye gunia, akamtupe mbali. Asubuhi moja nasikia mlango unapigwa.

"Fundi! Toka nje!"

Nikatoka. Baba Somoe ameshika gunia. Nyuma yake Mama Somoe amejitanda khanga, hata salamu hakunipa.

"Paka wako ndiye mwizi," akasema mzee. "Mama Somoe amemwona kwa macho yake anaruka ua na kifaranga mdomoni. Yuko wapi?"

"Mzee wangu, tuongee kwanza."

"Tuongee nini? Nimewavumilia. Humtoi leo, kisima changu msikisogelee tena. Wewe na nesi wako mtafute maji kwingine."

Ilikuwa kiangazi, bomba halijatoa tone kwa muda mrefu. Nilifikiria maji, nikafikiria Skola anayerudi na nguo za kazi zina damu. Nikampisha mlangoni. Moyoni nilishamuaga Chausiku.

Alikuwa kapuni, amejikunja. Baba Somoe akafungua mdomo wa gunia, akainama kumshika shingo. Chausiku hakukimbia wala hakutoa kucha. Alimtazama tu. Tukasikia, "Piyo!" Kichwa cha manjano kikachomoza chini ya tumbo la paka. Kifaranga kikatoka kizima, kimelowana mate kwa kulambwa, kikapanda mgongoni kwake kikikokota mguu mmoja, kikatulia. Chausiku akageuza shingo, akakilamba tena nusura akiangushe.

Baba Somoe alisimama pale na gunia lake. Kisha akaketi kwenye stuli yangu ya cherehani, akavua kofia, akaanza kucheka. Dada, sikuwahi kumwona akicheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia ile ile.

"Mama Somoe! Njoo uone! Njoo uone mambo!"

Mama Somoe akachungulia, akaziba mdomo. "Kumbe ni kile kilema! Mama yake anakidonoa tangu jana, hakitaki kabisa. Nilijua kitakufa."

Hata hivyo walikichukua kwenda kukijaribu. Kuku alikidonoa kichwani, akakifukuza. Chausiku alikaa juu ya ua anaangalia yote hayo, na walipokiweka chini tu, akashuka taratibu mbele ya watu wote, akakinyanyua kwa shingo, akarudi nacho nyumbani. Baba Somoe akamfuata kwa macho.

"Basi," akasema. "Mwacheni mama alee."

Vile vilivyopotea mwanzoni tulikuja kujua viliibwa na kicheche, maana alikamatwa kwenye banda la jirani wa tatu. Na jioni ile ile ya gunia binti wa Baba Somoe alituletea ndoo ya maji bila kuombwa.

Malezi yenyewe ni vituko. Chausiku alimletea mwanawe panya. Akamweka mbele yake, akarudi nyuma kidogo, akamfumbia macho. Kifaranga kikakimbilia uvunguni. Ikabidi Skola awe anampa chenga za mahindi, huku mama anakunja uso kwa kuona mtoto anakataa nyama. Sasa kifaranga amekuwa tetea mkubwa, bado anachechemea, na tabia zote ni za paka. Tukila anakuja kunigonga goti kwa kichwa. Akitaka kuingia anakaa kizingitini, akifunguliwa haingii. Watoto wa shule wanapita kibandani kuwaona, na wazazi wao wanawafuata, na wakishafika wanakumbuka suruali iliyochanika. Kazi imeongezeka.

Jambo moja nililotaka hasa kukuambia ni hili. Huku mtu mzima haitwi jina lake. Anaitwa kwa mtoto. Sisi hatuna, kwa hiyo mimi nilikuwa fundi na Skola nesi, na hakuna aliyetukosea, lakini kila penye shughuli ya watu unajisikia umesimama pembeni. Baada ya mambo ya kifaranga, Mama Somoe alipita akanipungia mkono: "Habari za kazi, Baba Chausiku?" Alitania. Baba Somoe akalidaka jina hilo, watoto wakalibeba, na sasa halitoki. Wiki iliyopita mama mmoja aliyekuwa na uchungu alimng'ang'ania Skola mkono akilia, "Mama Chausiku, usiniache!" Skola aliponisimulia alikuwa anakoroga uji. Aliendelea kukoroga muda mrefu kuliko uji ule ulivyohitaji. Kisha akasema, "Nilimwitikia."

Juzi nilikwenda Newala mjini kununua nyuzi. Muuza vitambaa, mwanamke ambaye ndugu zake wanaishi Kitangari, akaniita kwa jina hilo hilo mbele ya wateja. Akauliza kwa heshima kabisa, "Chausiku hajambo? Yuko darasa la ngapi siku hizi?"

Nikamjibu, "Hajambo, mama. Tumemwacha kwanza nyumbani, anamsaidia mdogo wake."

"Vizuri," akasema. "Watoto wakisaidiana ni baraka." Akanihesabia nyuzi.

Uliniuliza tutarudi lini. Uhamisho Skola hajauomba, dada, nami sijamhimiza. Goti likipona, panda basi wewe uje. Utakaa kwetu mpaka utuchoke.

Msalimie sana shemeji yangu, Baba Deus, na umwambie cherehani yake ya zamani aifunike, vumbi ndilo linaloiua. Mama mdogo muuza vitumbua apokee shikamoo zangu. Wapwa zangu Deus na Veneranda, wanao hao, waambie wasome. Na binamu yetu katekista atuombee, bila kusema kanisani kwamba nimeandika habari za paka.

Nabaki mimi mdogo wako akupendaye,
Fortunatus

Wifi, shikamoo. Ni mimi Skola, nimemwomba aniachie nafasi hapa chini. Alichoandika ni kweli tupu, ila ameficha kwamba paka analala katikati ya kitanda na mimi nalala ukingoni. Nimezoea. Usiku namsikia mdogo wako akimnong'oneza, na kabla hajalala ananinong'oneza na mimi. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yetu.