Taa ya Ndani ya Friji

Jumatatu, 2 Juni
Leo mwaka mmoja, miezi saba na siku nne tangu nitoke nyumbani. Kutwa nzima nimo ndani ya ghala la baridi, napanga maboksi ya kuku walioganda mpaka masikio hayasikii. Natoka saa kumi na moja, nawasha simu — ujumbe wa dada yangu mdogo: "Kaka, friji haipozi." Nilicheka peke yangu kama mwehu. Mimi huku nakufa kwa baridi, na friji niliyowatumia haina baridi hata ya kupoza maji!

Lakini si la kucheka. Mle ndani mna dawa ya macho ya baba, vichupa vitatu vya matone. Daktari alishasema: kilichopotea kwenye macho hakirudi, dawa inalinda kilichobaki tu. Na dawa ikipata joto haina kazi tena. Nataka mzee anione nikirudi. Basi. Sitaki zaidi ya hapo.

Jumanne, 3 Juni
Nimemuuliza fundi wa mitambo ya baridi hapa ghalani. Tunamwita Gesi, maana zamani kila friji alisema gesi imeisha. Alikuwa anakula, hakuinua hata kichwa. Imegusa ukuta? Sijui. Nyuma ina vumbi? Sijui. Kidude cha baridi kiko namba ngapi? Sijui.
"Ndugu yangu, hiyo friji ni yako au ya jirani?"
Kweli. Sijawahi kuiona. Niliiagiza nikiwa huku.

Nimempigia dada. Imebanwa ukutani kabisa! Juu wameifunika kitambaa cha kufuma kinachoning'inia mpaka nyuma. Na nailoni ya dukani bado ipo, pande zote! Mwaka mzima!
"Baba hataki ichubuke. Anasema utaibandua wewe ukija."
Nimesema ibanduliwe leo hii. Plagi ichomolewe, vumbi lifagiliwe, friji isogezwe mbele kiganja kimoja. Dada ametii. Ila nailoni ya mlangoni baba amekataa katakata isiguswe.

Alhamisi, 5 Juni
Baridi imerudi. Mimi fundi!

Ijumaa, 6 Juni
Nilishangilia mapema. Maji yamejaa jikoni, yanatoka chini ya friji. Gesi anasema ndani, nyuma, kuna kitundu cha kupitishia maji ya barafu iliyoyeyuka. Kimeziba. Kizibuliwe kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, wala dada asithubutu kutumia kisu. Nampigia dada — kisu anacho mkononi! Alikuwa ameanza kukwangua barafu. Nilipiga kelele mpaka watu wa foleni ya bafu wakageuka. Ukitoboa ukuta wa ndani, gesi inatoka na friji imekwisha. Hapo Gesi kasema gesi na nimemwamini.

Jumapili, 8 Juni
Siku yangu ya kupumzika, nimeimaliza kwenye simu. Tumepima mpira wa mlango: bana karatasi mlangoni, ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka. Ilishikwa kona zote nne. Namba iko katikati. Kitundu kinapitisha maji. Umeme haujakatika wiki nzima. Na barafu imejaa upya juu, unene wa kidole, na vichupa vya dawa ni vuguvugu. Vuguvugu!

Nimemfokea dada. Nimemwambia anaifungua friji kama dirisha.
"Kaka, mimi natoka asubuhi narudi jioni. Unagombeza simu tu. Njoo uigombeze friji yako!"
Akakata.

Jumatatu, 9 Juni
Safari hii Gesi ameacha kula. Barafu ya namna hiyo ni hewa ya nje inayoingia, anasema. Mpira mzima? Basi kuna mtu anauacha mlango wazi.
"Friji haina kosa. Tafuta mtu."
Nyumbani wako wawili tu. Nimemwandikia dada, kwa adabu.
Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havijaamka na ganzi ya baridi tangu mchana.

Jumatano, 11 Juni
Dada alijifanya ameondoka kwenda kazini, akarudi kwa mlango wa uani. Baba alikuwa mbele ya friji, mlango wazi kabisa. Hatoi kitu, haweki kitu. Amefunika jicho la kulia kwa kiganja, anatazama. Halafu la kushoto. Akafunga. Akafungua tena. Dada alisimama pale mpaka miguu ikamuuma, akarudi uani. Kanipigia analia.

Nikampigia mzee mwenyewe. Nilijiandaa kuwa mkali.
"Napima, mwanangu," akasema, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Taa ya chumbani ni kubwa, naihisi hata nikifumba. Hii ya friji ni ndogo, iko kona. Nikiiona hii, najua bado."
Baba, unaiharibu dawa kwa kupima kama dawa inafanya kazi!
"Sasa nisipopima nitajuaje?"
Tumekubaliana: mara moja tu kwa siku, asubuhi, ahesabu mpaka tano, afunge. Dada ataenda hospitali kuomba dawa nyingine.

Ijumaa, 13 Juni
Hakuna maji. Hakuna barafu. Dawa mpya imo ndani, baridi inavyotakiwa. Friji nzima! Nimempa Gesi mkono.
"Mimi tangu mwanzo nilitaka kusema ni gesi," akasema. Tumecheka.

Jumapili, 15 Juni
Baba amepiga yeye, jambo ambalo hafanyi. Sauti ya kawaida tu, kama anaagiza chumvi.
"Ile taa ya friji imeungua. Ukija niletee nyingine, za huku ni feki."
Nikasema ndiyo baba, zinaungua hizo, ni ndogo mno. Nikaomba anipe dada. Nikamwambia dada: fungua friji sasa hivi, tazama. Nikasikia mlango. Kisha nikamsikia mzee karibu kabisa na simu, anamuuliza, umeona?
"Nimeona, baba," dada akasema. "Imeungua."
Akakata. Baada ya dakika moja ikaja picha. Ndani ya friji kweupe kote, taa inawaka, vichupa vitatu vimesimama kwenye mwanga, na mkono wa baba umeshika mlango, juu ya nailoni.

Nimeikalia picha hii tangu mchana. Kila kitu kinafanya kazi. Sina pa kupima tena.

Msimamizi alishasema hakuna ruhusa mpaka mkataba uishe mwezi wa kumi na moja. Kesho nitamwomba mara moja, kwa heshima. Akikataa, abaki na mkataba wake. Taa nimeshaichukua kwa Gesi, nimeiviringisha kwenye soksi. Mzee nimemwambia asimruhusu fundi yeyote aiguse friji, na nailoni ya mlangoni aniachie. Nafika Jumamosi, tarehe 28, asubuhi, kukiwa na mwanga.